Kutunza Majengo na Mahali pa Kumbukumbu katika Mji Wetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika sherehe za Jubilei ya miaka 100



Kamati ya Jubilei imenipa dakika thelathini na mada ambayo kwa kawaida hupewa wataalamu wa Mambo ya Kale. Mimi si mtaalamu wa mambo hayo. Elimu yangu niliipata Makumira, na huko tulifundishwa Kiebrania na Kiyunani, hatukufundishwa kuchoma chokaa. Hata hivyo, mchungaji aliyehudumu katika sharika kadhaa za pwani kwa zaidi ya miaka thelathini hukutana na nyufa nyingi ukutani, na kila ufa humlazimu kuuliza mafundi na kusoma. Haya nitakayosema nimeyapata kwa njia hiyo.

Nadhani sote tunajua kwa nini mada hii imewekwa leo. Baada ya sherehe hizi, Mkutano Mkuu wa Usharika utajadili hatima ya kanisa letu la zamani, lile la mawe ya matumbawe na chokaa lililo nyuma ya mwembe. Wapo wanaotaka libomolewe ili tupate uwanja wa magari na ukumbi wa sherehe. Wapo wanaotaka litengenezwe. Baadhi ya wazee walinishauri kwa upole nizungumze kwa jumla tu, nisionyeshe upande wangu. Nawaheshimu sana wazee wangu, lakini upande wangu nitauonyesha, maana mtu wa umri wangu akianza kuficha maoni yake huwa anapoteza muda wa watu.

Kwanza niseme jambo ambalo wapinzani wa ukarabati hulisema, nao wana haki ya kulisema. Kanisa ni watu wa Mungu waliokusanyika kulisikia Neno na kupokea Sakramenti. Kuta siyo Kanisa. Wanafunzi walipomwonyesha Bwana wetu mawe mazuri ya hekalu, aliwaambia kwamba yatabomolewa yote. Basi mtu asitoke hapa akidhani nahubiri ibada ya mawe. Lakini Maandiko hayohayo yanatueleza kwamba Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto na kusimamishwa Gilgali. Sababu yake imeandikwa katika sura ya nne: ni ili watoto wa vizazi vijavyo waulize mawe yale yana maana gani, na baba zao wawe na la kuwajibu. Mtoto haulizi swali juu ya kitu asichokiona. Tukiliondoa kanisa la zamani, mjukuu wangu hatauliza kitu, na mimi sitapata nafasi ya kumwambia nani walibeba mawe yale vichwani kutoka ufukweni.

Sasa niingie katika mambo ya dunia hii, nikianza na sheria, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tumelala. Watu husema, "Majengo ya zamani ni mali ya Serikali, Serikali italinda." Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Hesabu ni rahisi: hakuna kanisa la Kilutheri katika nchi hii, wala shule, wala nyumba ya mchungaji, inayolindwa na sheria ile kwa sababu ya umri wake peke yake. Waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kuwa kumbukumbu, na mengine yametangazwa. Lakini mpaka tangazo hilo litoke katika Gazeti la Serikali, jengo letu linalindwa na wenye hati ya kiwanja, yaani sisi. Tukiamua kulibomoa Jumatatu, tingatinga litakuja Jumanne na hakuna atakayetuzuia.

Sheria hiyohiyo inataja pia milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na kuisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Nalisema hili kwa ajili ya majirani zetu wa mtaa wa sokoni. Akija mgeni mwenye gari kubwa na maneno matamu akitaka kununua mlango wa marehemu babu, mwulizeni kwanza kibali chake. Mlango ukishang'olewa, nyumba haina uso tena, na mvua huingia kwa pale palipong'olewa.

Nije kwenye ukuta wenyewe. Hapa naomba kamati ya ujenzi inisikilize kwa makini, kwa maana yaliyoharibu majengo mengi ya pwani hii yalifanywa kwa nia njema kabisa. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashika kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, ikalazwa shimoni na maji kwa muda mrefu, kisha ikachanganywa na mchanga, mara nyingine na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Wakati wa masika unanywa maji, wakati wa kiangazi unayatoa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, hivyo nyumba ikisogea kidogo, chokaa ndiyo inayopata ufa na jiwe linabaki zima. Fundi mzuri huja kila baada ya miaka michache akaziba na kupaka chokaa upya, na kazi imekwisha.

Ikaja saruji. Tuliipenda kwa kuwa ni ngumu na hukauka upesi. Tukapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, tukapaka rangi ya mafuta, tukapiga picha. Baada ya miaka michache plasta ikatoka vipande vipande, tukamlaumu fundi. Fundi hakuwa na kosa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikosa mahali pa kutokea, ukanaswa ndani, na chumvi ya bahari iliyomo katika mawe ikaganda kuwa chembe na kulimega jiwe kutoka ndani. Kadiri plasta ilivyokuwa ngumu, ndivyo ukuta ulivyooza nyuma yake bila kuonekana. Ufa ulio nyuma ya madhabahu ya kanisa letu la zamani, upande wa kusini, umefuata plasta ya saruji mwanzo hadi mwisho. Yeyote anaweza kwenda kuutazama mchana huu baada ya chakula. Kwa hiyo wanaosema kwamba jengo lile limechoka kwa uzee, naomba waangalie tena. Upande wa kaskazini, ambao fedha za plasta hazikuufikia, umesimama wima.

Adui mwingine ni maji ya paa. Bati likitoboka, maji hushuka kichwani mwa ukuta, hulainisha chokaa, mchwa hupanda kwenye boriti, na ndege huleta mbegu ya mtini. Mtini ukiota juu ya ukuta, vijana wenye nguvu huung'oa kwa kamba siku ya usafi, na kipande cha ukuta hushuka nao. Mti wa namna hiyo hukatwa, mizizi yake ikauawa na kuachwa ikauke taratibu mahali pake. Gharama ya mabati machache na mifereji ya maji ni ndogo kuliko spika zile nne mnazozisikia leo zikinguruma hapa. Sizisemi spika vibaya. Nazitaja tu kama kipimo.

Wengine wataniuliza kama kuna mahali ambapo kazi hii imefanyika ikafaulu. Pwani yetu ina mifano ya kufaulu na ya kushindwa, na yote inafundisha.

Bagamoyo ndio mji mdogo ambao nadhani wengi wetu tumeutembelea. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, mahali pa pembe za ndovu na pa watu waliouzwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulipokelewa katika kanisa lao la kwanza, ukiwa umebebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka bara kwa miezi mingi. Mnara wa kanisa lile ungalipo. Wajerumani waliufanya mji huo makao ya utawala wao hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na mwaka 1897 wakawa na Boma kubwa la ghorofa lililotazama bahari. Mwaka 1983 mji mkongwe ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2006 nchi yetu iliuingiza katika orodha ya maeneo yanayotarajiwa kupendekezwa kwa ajili ya Urithi wa Dunia, pamoja na njia nzima ya misafara ya watumwa na pembe.

Hata hivyo, mvua za El Niño za mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliangusha sehemu ya Boma lile. Tangazo la mwaka 1983 halikuzuia tone moja. Wakati huohuo magofu ya Kaole, kilomita chache kusini, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, yamedumu ingawa hayana paa kabisa, kwa sababu yana mlinzi, nyasi hukatwa na miti hudhibitiwa. Gofu lenye mtu wa kulifagia hulishinda jumba lisilo na mtu. Nawaomba mlikumbuke hilo mnapolitazama kanisa letu, ambalo tumeligeuza ghala la viti vibovu na turubai.

Mikindani, kusini kabisa, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilibaki gofu mpaka miaka ya 1990, ambapo shirika moja la Uingereza, Trade Aid, lilipangishiwa na Serikali, likalitengeneza na kulifanya hoteli, na vijana wa mji wakafundishwa kazi humo. Kuna wasiopenda hoteli. Mimi naona jengo lililopewa kazi hupata mtu wa kuona bati linapovuja. Kanisa letu la zamani haliwezi kuwa hoteli, wala sitakubali. Lakini vijana wa kipaimara wanasoma chini ya mwembe, na Shule ya Jumapili inafanyika barazani kwa mwinjilisti huku jua likiwafuata kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yanakula ufuo na miti ilikuwa inapasua kuta. Kuta za kuzuia mawimbi zikajengwa, majengo yakaimarishwa, na mwaka 2014 zikaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Ni miaka kumi ya kazi. Nataja muda huo kwa ajili ya wale wanaotaka kila kitu kiishe kabla ya Pasaka.

Mfano wa mwisho ni mchungu. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa imeonyesha dalili kwa muda mrefu. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Hatimaye fedha zikapatikana na kazi ya ukarabati ikaanza. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka na watu wawili wakafa. Sisi tulikuwa ibadani. Tangu siku hiyo sipendi tena kusikia maneno "tutalishughulikia mwakani" yakisemwa juu ya ukuta wenye ufa, na nimeshamwomba Mwenyekiti wa kamati azungushie kamba upande wa kusini ili watoto wasicheze pale mpaka mhandisi aje.

Liko swali jingine, nalo huulizwa zaidi na vijana waliosoma. Kwa nini tutunze majumba ya waliotutawala? Boma ni mahali watu walipochapwa viboko. Pangani, mwezi Desemba 1889, Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani. Songea, mwaka 1906, mashujaa wa Majimaji walinyongwa kwa makumi. Na wamisionari wetu, hatuna budi kusema kweli, walifika katika meli zilezile na mara nyingine walipewa ardhi na mkono uleule. Nawajibu vijana hivi: mahali palipotendwa dhuluma pakifutwa, anayefaidika ni mdhalimu. Kinachotakiwa ni maelezo ya haki yaandikwe pale, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Vibao vingi nilivyoviona vinaeleza gavana gani aliishi humo. Hakuna neno juu ya mwashi, wala mchoma chokaa, wala mpagazi. Kuhusu kanisa letu, jengo ni letu kwa sababu nyingine pia. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na vita vya pili vikawaondoa tena. Katika miaka hiyo walioziba mapaa, walioficha vyombo vya Meza ya Bwana na walioongoza ibada ni walimu na wazee wa hapa. Huwezi kuliita la Wajerumani jengo ambalo Wajerumani waliliacha mara mbili.

Sisi Walutheri tuna mfano wetu huko Wittenberg, mji mdogo tu. Mlango wa mbao wa Kanisa la Ngome, ambao husimuliwa kwamba Luther alibandika hoja zake 95 hapo, uliteketea kwa moto wa vita mwaka 1760. Mwaka 1858 uliwekwa mlango wa shaba ulioandikwa hoja hizo. Hawakuchonga mlango wa mbao na kuupaka masizi ili wageni waamini ni ule wa 1517. Napenda unyofu huo. Tukirudisha dirisha lililopotea katika kanisa letu, tulitengeneze vizuri, kisha tuandike pembeni mwaka tulioliweka.

Kumbukumbu za mji huu haziishii katika ua wa kanisa. Kuna kisima cha zamani ambacho wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo walichota pamoja. Kuna msikiti mdogo ambao mihrabu yake ni kazi ya mikono ninayoionea wivu mtakatifu, na nashukuru Imamu yuko hapa ananisikia. Kuna makaburi. Juu ya makaburi nina neno la ukali kidogo: watoto wanaofika mijini na kupata fedha wanarudi kuyafunika makaburi ya babu zao kwa vigae vya bafuni, na jiwe la zamani lenye jina linatupwa uani. Nakili jina kwanza, mwanangu. Ikiwezekana acha jiwe.

Vilevile kuna vitabu. Vitabu vyetu vya kwanza vya ubatizo na ndoa vimo katika kabati la mbao ofisini, na mchwa wameshagusa kimoja. Humo kuna majina ya watu ambao hawana kaburi linalojulikana. Kuyapiga picha kurasa zote ni kazi ya siku mbili kwa kijana mwenye simu nzuri, nao vijana wenye simu nzuri tunao wengi mno.

Nehemia alipofika Yerusalemu hakutoa hotuba kwanza. Alizunguka usiku na watu wachache akikagua kuta. Kisha sura ya tatu ya kitabu chake inaorodhesha waliojenga, jina kwa jina: mfua dhahabu, mtengenezaji wa marhamu, Shalumu pamoja na binti zake, na wengi waliojenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Imeandikwa pia kwamba wakuu wa Tekoa hawakuitia shingo zao kazi hiyo. Hebu fikirini, miaka zaidi ya elfu mbili imepita na bado tunasoma kwamba walikaa pembeni.

Kwa hiyo, Baba Askofu, kwa ruhusa yako, naliomba Baraza la Wazee lipeleke mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo kwamba kanisa la zamani lisibomolewe. Kwamba kabla ya masika paa lizibwe na mifereji iwekwe kwa fedha za mnada wa mavuno wa mwaka huu. Kwamba aitwe mhandisi anayejua majengo ya chokaa, na Idara ya Mambo ya Kale iandikiwe barua ya kuomba ushauri. Na kwamba hakuna mfuko wa saruji utakaopita mlango ule mpaka mhandisi huyo aseme. Ukumbi mpya ujengwe upande wa barabarani, kiwanja kinatosha, nimekipima kwa hatua zangu mara mbili. Wapo wazee wawili katika mji huu wanaojua bado kuchoma chokaa. Mmoja ni Mwislamu, mwingine ni wetu. Wote wamepita miaka themanini, na wote wamekubali kuwafundisha vijana wanne ikiwa watapewa chakula cha mchana na mtu wa kubeba kuni.

Daftari la majina ya waliojenga liko mezani kwa katibu, karibu na sanduku la sadaka. Mpaka asubuhi hii lilikuwa na majina 31. Kama bibi yako alibeba mawe, au babu yako alichanganya chokaa, au uliambiwa jina ambalo hujui ni la nani, pita uliandike kabla hujaenda kuchukua sahani yako.